Ufito wa Kimotho

Jua lilikuwa limeshaanza kufunga ofisi Walubengo alipofika kwa mjane wa Kimotho, nje kidogo ya Kitale, upande wa barabara ya Endebess. Alikuwa ametoka Bungoma mapema, lakini mvua ilimshika njiani. Baada ya mvua alishikwa na askari wa barabarani, aliyetaka kujua kwa nini mtu mzima anasafiri na kofia ya kujikinga na hana jengo.

Kofia ilikuwa ya useremala. Walubengo alikuwa amestaafu juzi tu kutoka ofisi ya serikali, baada ya maisha mazima ya kuwaambia wananchi warudi kesho na nakala mbili. Siku ya kuagwa walimpa saa ya ukutani, zawadi ya ajabu kwa mtu ambaye hana tena pa kuchelewa. Akaamua kuwa fundi. Alijifunza kwa video za simu, akatengeneza kigoda kimoja, na mkewe Agneta akakipeleka uani. Kuku walikikagua, wakaamua kulala chini yake.

Sasa alitaka mashine. Msumeno wa meza, mkuukuu, ambao tangazo lake lilisema "iko sawa kabisa", maneno ambayo alipokuwa ofisini angeyadai yaletwe na muhuri.

"Vidole unavyo kumi," Agneta alimwambia asubuhi ile mlangoni kwao Kanduyi, Bungoma, akimfunga kifungo cha koti. "Hesabu sasa. Ukirudi nitahesabu mimi."

Aliyempa ushauri wa maana ni jirani yake Makokha, aliyefundisha useremala katika shule za upili hadi goti lilipomstaafisha. "Mashine mzee ni chuma, Afisa," Makokha alisema. "Haitetemeki kama hizi mpya za bati na rangi. Lakini ukinunua mashine mzee, umenunua pia tabia ya mwenye alikuwa anaitumia. Sikiliza beringi. Angalia meza kama imepinda. Na beba mbao yako mwenyewe. Usikate mbao ya muuzaji, bana. Muuzaji atakupea ile inakatika vizuri."

Walubengo alitayarisha kipande chake cha saiprasi, akakifunga kwa gazeti, akakiacha juu ya meza ya jikoni.

Mjane, Mama Nyaruai, alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye kofia ya sufu iliyoshuka hadi kwenye nyusi. Hakuwa na maneno mengi. Alifungua kufuli la banda la mabati, akawasha taa moja iliyoning'inia, akasema, "Stima iko. Angalia pole pole, Mzee. Mimi wacha nifungie ng'ombe."

Akaondoka.

Banda lilikuwa tupu. Randa, patasi, mbao, vyote vilikuwa vimeuzwa au vimeshapikia chai. Mashine peke yake ilisimama katikati, ya kijani, nzito, meza yake ikiwa laini kama benchi la kanisani. Walubengo akazunguka mara moja akiwa ameweka mikono nyuma, kama alivyoona wakaguzi wakifanya. Akachungulia chini. Hakujua anachungulia nini, ila alichungulia kwa dhati.

Akabonyeza swichi.

Wuuuuuuu...

Hakuna mtetemo. Hakuna mkwaruzo. Hata vumbi juu ya meza halikusogea. Akasikiliza beringi kama alivyoagizwa, na kama zilikuwa na lalamiko, hazikulileta kwake.

Hapo ndipo akakumbuka gazeti lake jikoni.

Akaangaza. Kwenye kona, umeegemea bati, ulikuwapo ufito mmoja. Ulikuwa umechongwa pande nne na kupigwa randa vizuri, ukampita kimo kidogo. Ulikuwa safi kuliko kitu chochote mle ndani, kama uliokuwa ukifutwa. Akauchukua. Akaulaza juu ya meza, hakupima, hakuweka alama, akakadiria kwa jicho tu, huku akiwaza vile Agneta atakavyomhesabu vidole mlangoni.

Akausukuma kidogo.

Ufito ukavutwa.

Taratibu. Kwa heshima, kama mtu anayempokea mgeni mzigo. Walubengo aliuachia uende, meno ya msumeno yakapita bila kelele, na ukakatika kama siagi. Akatabasamu. Ile video haikusema kwamba mashine nzuri huvuta yenyewe.

Kile kipande kifupi hakusikia kikianguka.

Akazima. Msumeno ukaendelea kuzunguka, ukipungua... ukipungua... na kabla haujasimama, harufu ikamjia. Vanishi. Vanishi mbichi, kwenye banda ambalo halikuwa na kopo hata moja.

Kisha, kutoka upande wa pili wa meza, karibu kabisa:

Fffu.

Ni sauti ambayo kila fundi huitoa. Hupuliza unga wa mbao pale palipokatwa, ili aone kama kazi ni safi.

Walubengo alisimama pale na ufito mkononi. Upande wa pili hapakuwa na mtu. Kipande kifupi kilikuwa juu ya meza, kimewekwa sambamba na ukingo, kimenyooka.

"Umekata nini?"

Mama Nyaruai alikuwa mlangoni, tochi imeelekea chini.

"Kafito tu, Mama. Kalikuwa hapo kwa kona. Nilikuwa najaribu."

Aliingia, akachukua kile kipande kifupi, akakifunga kwenye ncha ya leso yake kwa mafundo mawili. Kisha akautazama ule ufito mrefu, na midomo yake ikasogea kidogo, kama mtu anayesoma.

"Hiyo kubwa enda nayo."

"Hapana, Mama, si lazima, mimi nitaleta..."

"Enda nayo," alinong'ona. "Usiiache hapa."

Walubengo akashukuru. Alisema atafikiria juu ya mashine, azungumze na watu wa nyumbani, kisha atapiga simu.

"Ndiyo," mama akasema. "Utapiga."

*

Kwake Kanduyi aliuegemeza ufito sebuleni, chini ya ile saa ya ukutani, apate kumwonyesha Makokha ule mkato. Agneta alihesabu vidole, akaridhika. Alipokuwa anapita na sufuria akasimama kando ya ufito, kwa mchezo tu, mgongo ukutani.

"Baba Fridah, ebu angalia. Tumetoshana."

Walubengo akaangalia. Ncha ya ufito na utosi wa mkewe vilikuwa sawa. Sawa kabisa, kama vilivyokatwa pamoja.

"Hata mtu akitaka kunishonea nguo anaweza tumia hii," Agneta akacheka, akaenda zake.

Asubuhi Agneta aliamka kimya. Alikunywa chai imeshapoa. Mwishowe akauliza, "Jana usiku kwa nini ulinifunika shuka mpaka uso?"

"Sikukufunika."

"Nani sasa? Fridah yuko Nairobi."

Walubengo alisema itakuwa ni baridi.

Ufito ulikuwa umehama. Aliuacha chini ya saa, sasa ulikuwa umesimama kwenye korido, nusu ya njia. Alifikiri Agneta ameusogeza akifagia. Agneta naye alifikiri ni yeye. Kesho yake ulikuwa umeegemea fremu ya mlango wa chumba chao cha kulala, na Agneta alikuwa bado kitandani saa ambayo kwa kawaida huwa amerudi kutoka sokoni. Alilala chali. Mikono imenyooka ubavuni.

"Nasikia baridi," alisema bila kugeuza kichwa. "Na nani anapaka vanishi?"

Walubengo akaubeba ufito kwenda kwa Makokha. Alimkuta kwenye kiti chake, goti limewekwa juu ya ndoo.

"Afisa. Umenunua?"

"Bado nafikiria. Lakini ile mashine, bana, ni nzuri. Inavuta yenyewe. Unasukuma kidogo tu, mbao inaenda."

Makokha alikuwa anacheka kabla ya sentensi kwisha, kisha akaacha.

"Inavuta wapi?"

"Mbele. Inaenda upande ule."

"Sikiliza, Walubengo." Hakumwita Afisa. "Msumeno wa meza haivuti. Meno inazunguka ikikuja kwako. Inakurudishia mbao. Ndiyo watu wanapoteza vidole, ndiyo wengine wanapigwa na mbao kwa tumbo. Miaka yote nimefundisha watoto hiyo kitu ya kwanza kabisa."

"Ilivuta."

"Kama mbao ilivutwa," Makokha akasema polepole, akitazama mkono wa Walubengo na kile kilichokuwa ndani yake, "basi upande ule kulikuwa na mtu anapokea."

Makokha akanyoosha mkono, akapitisha kidole kwenye ncha iliyokatwa. Akaugeuza ufito. Akauona ule mraba, ule uso uliopigwa randa. Akauachia haraka, ukagonga sakafu.

"Hii ulitoa wapi?"

"Kwa kona. Nilisahau mbao yangu."

"Huyo Kimotho alikuwa anatengeneza nini?"

Walubengo akagundua kwamba, katika ukaguzi wake wote, swali hilo hakuliuliza.

*

Mama Nyaruai alipokea simu kabla haijalia sawasawa.

"Ni majeneza," alisema. Sauti yake ilikuwa chini, kama mtu aliye kwenye chumba cha mgonjwa. "Mzee wangu alikuwa anatengeneza za watu wote huku, mpaka kule Kwanza. Mtu akikufa, watu wake wanampima na ufito, wanakata hapo kwa kichwa, wanamletea. Hakuwa anapenda futi. Alikuwa anasema futi haijui mtu. Akimaliza sanduku, ufito unawekwa ndani, unaenda na mwenyewe. Haubaki. Na hakuna mtu anaukata tena."

"Na huo ulikuwa wa nani?"

"Wake." Akavuta pumzi. "Vijana walimpima, wakaleta ufito kwa karakana yake, kwa mazoea tu. Nani sasa angetengeneza? Fundi ndiye alikuwa amelala. Wakaenda town wakanunua jeneza tayari, ile ya dirisha la kioo. Wakamzika. Ufito ukabaki. Nikawa naufuta vumbi."

Walubengo akaketi.

"Ukishakatwa si wake tena," mama akaendelea. "Ni wa yule anatoshana. Wakati ulikuwa unakata... ulikuwa unafikiria nani, Mzee?"

Kupitia mlango ulio wazi aliiona miguu ya Agneta kitandani, vidole vikielekea dari.

"Niuchome?"

"Usichome. Ufito unataka sanduku. Utapata sanduku, njia moja ama ingine. Wewe mpatie. Tengeneza na hiyo mashine, si ingine, ndiyo inajuana nao. Ukianza asubuhi maliza kabla ya giza. Sanduku halilali wazi. Na usikate huo ufito tena, hata unywele."

"Mama, mimi sijui kutengeneza sanduku. Nimetengeneza kigoda tu."

"Wewe si wa kwanza kuja kuangalia hiyo mashine," mama akasema. "Wengine wote walikuja na mbao zao."

Hivyo ndivyo Walubengo alivyoamua kununua mashine. Ushauri wote wa video, kwamba anayeanza asiwe na haraka, alinganishe, aulize vipuri, ulikuwa mzuri, ila haukuwa na sura ya mambo kama haya.

*

Lori lilileta mashine jioni. Watu wanne waliishusha wakilaani. Usiku kucha Agneta hakugeuka, wala hakukohoa. Alipumua tu, kwa mbali, kama mtu anayepumua kwa ruhusa.

Kulipokucha Walubengo alikuwa tayari uani, mbao za saiprasi zimepangwa, kofia kichwani. Makokha alikuja na fimbo yake, akaketi mbali, karibu na lango, akasema atasimamia kutoka pale.

"Na katika hilo sanduku utatia nini?" Makokha akauliza. "Haliwezi enda tupu."

Hilo Walubengo alilijua bila kufundishwa. Kwao, mtu akipotea mtoni au vitani na mwili usipatikane, huzikwa mgomba. Hukatwa, huviringishwa shuka, huliliwa kama mtu, na mambo huisha. Alikuwa ameshauchagua, nyuma ya choo, mgomba mnene wa kimo cha kutosha. Na alikuwa ameazima kitenge cha Agneta kwenye kabati bila kumwambia Agneta.

Vijana walioitwa kuchimba shimo walikuwa wamemweleza naibu wa chifu, naye akafika na faili.

"Mzee Walubengo, nasikia kuna mazishi. Kibali?"

"Ni mgomba."

Naibu akafungua faili, akatafuta. "Jina la marehemu?"

"Ni mgomba, nimekuambia."

"Sasa hapa naandika nini?"

"Mwambie arudi kesho," Makokha akasema kutoka langoni, "na nakala mbili."

Naibu alitazama mashine, akatazama shimo, kisha akatazama ufito uliokuwa umeegemea ukuta wa chumba cha kulala, upande wa nje, pale ambapo hakuna aliyeuweka. Akafunga faili lake. Alisema fomu ya mgomba haipo, kwa hiyo hakuna mazishi, kwa hiyo hakufika. Akaondoka bila kunywa chai, jambo ambalo Kanduyi halijawahi kuonekana.

Walubengo akabonyeza swichi.

Wuuuuuuu...

Akaweka ubao wa kwanza, akausukuma.

Ukavutwa.

Kila ubao aliouweka ulipokelewa. Kila ulipokatika, kule mbele, chini ya kelele za mashine:

Fffu.

Makokha alikuwa ameinamisha uso kwenye fimbo yake, midomo inakwenda. Ilikuwa zaburi.

Walubengo alipima mbao za ubavuni kwa ufito, ncha kwa ncha, kama mjane alivyosema. Akakata. Akapima tena, zikawa sawa. Akakata za kichwani na miguuni, akazipachika katikati, akapigilia misumari, akapinda misumari, akaing'oa, akapigilia tena. Jua likavuka paa. Misumari ikaisha, ikatafutwa mingine. Jua likashuka kwenye ua wa jirani. Ndipo sanduku likasimama pale uani, lenye mikwaruzo, ila sanduku.

"Makokha. Njoo uone."

Makokha akaja akichechemea. Akatazama. Uso wake ukabadilika taratibu.

"Hizi mbao za kichwa na miguu... umeweka ndani."

"Ndiyo."

"Na za ubavu ulikata sawa na ufito."

"Sawa kabisa."

"Afisa," Makokha akasema kwa upole wa kutisha, "na unene wa hizo mbili uliweka kwa hesabu gani?"

Walubengo akauchukua ufito, akaulaza ndani ya sanduku.

Haukuingia.

Ulizidi kwa unene wa mbao mbili. Basi. Kosa ambalo mtoto wa kidato cha kwanza hulifanya mara moja, anachapwa, harudii.

Hapakuwa na mbao nyingine. Duka lilikuwa limeshafungwa. Vivuli vya migomba vilikuwa vimefika mlangoni. Na ndani, kutoka chumbani, baada ya ukimya wa siku nzima, Agneta akasema. Sauti ilikuwa yake. Mwendo wa maneno haukuwa wake.

"Kata kidogo tu. Itaingia."

Msumeno ulikuwa unazunguka. Walubengo hakukumbuka kuuwasha tena.

"Usikate," Makokha akanong'ona.

"Kidogo tu, Baba Fridah..."

"Walubengo. Usikate."

Alizima mashine kwa ngumi. Akauinua ufito kwa mkono mmoja, akaulaza tena ndani ya sanduku, safari hii mshazari. Kichwa kona hii, mguu kona ile. Ukaingia. Ulibana, ukalia kidogo kwenye mbao, lakini uliingia. Wakauweka mgomba juu yake katika kitenge cha Agneta. Wakafunika. Wakapigilia. Wakateremsha na kufukia kwa mikono na majembe na fimbo ya Makokha, na giza likawakuta wakishindilia udongo.

Kutoka jikoni ikasikika sufuria.

Agneta alikuwa amesimama mbele ya jiko, amejifunga leso, uso umevimba kwa usingizi. "Kwa nini hakuna mtu amewasha moto?" akauliza. "Nimelala siku mzima kama mgonjwa na hakuna mtu anaweza chemsha maji? Na Makokha, hayo matope usiniletee ndani."

Walubengo aliketi chini palepale sakafuni, akacheka mpaka akalia.

*

Mashine ipo. Ameifunika turubai. Makokha humtania kwamba sasa ndiye mtu pekee Kanduyi aliyetengeneza jeneza kabla ya kujua kutengeneza kigoda, lakini hukataa kuketi uani. Mama Nyaruai alipiga simu kuuliza kama kazi ilikwisha. Walubengo alisema ndiyo.

"Ufito ulilala sawa ndani?" mama akauliza.

Alisema uliingia. Mama naye hakuuliza tena. Alisema kile kipande kidogo alishampelekea mzee wake kaburini, na akakata simu.

Agneta ni mzima. Anakula, anagombana na wauza mboga, anacheka. Akitembea huegemea kidogo upande wa kushoto, kama mtu aliyebeba ndoo. Daktari alimpiga picha, akatazama, akasema ni umri, akampa vidonge.

Shida ni kitandani tu.

Zamani Agneta alijikunja kama paka, magoti tumboni, akimwachia Walubengo mgongo umpe joto. Sasa akishikwa na usingizi hunyooka. Mikono ubavuni. Polepole, bila kuamka, kichwa chake huteleza hadi kona moja ya kitanda, na miguu hadi kona ya pili, mshazari kamili, na hapo hubana, hata mbao za kitanda hulia kidogo.

Walubengo amejaribu kumgeuza. Hasogei.

Kwa hiyo hulala kwenye ile pembe iliyobaki, ukingoni, amejikunja. Hutazama ukutani na kusikiliza pumzi za mkewe. Kuna kitanda kikubwa zaidi alichokiona dukani, chenye nafasi ya kumtosha hata akilala hivyo. Angeweza kukinunua. Angeweza hata kukitengeneza mwenyewe, mashine anayo.

Hilo ndilo wazo linalomjia kila kunapokaribia kucha. Na kila linapomjia, uani, chini ya turubai, kitu hupuliza.

Fffu.